Mshauri Asiyeshauri

Mimi ni mshauri, na kwa miaka kumi na mmoja sikumshauri mtu yeyote jambo lolote. Ndivyo nilivyofundishwa, na nilikuwa mwanafunzi mzuri, wa mstari wa mbele, mwenye kalamu za rangi tatu. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuamrisha kutwa nzima: kaa, simama, fagia, nyamaza. Nilipokwenda kusomea ushauri nasaha, siku ya kwanza tu mkufunzi wetu, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MSHAURI HASHAURI. Kazi yako, alisema, ni kumsikiliza mtu mpaka jibu lake mwenyewe litoke. Nikalipigia mstari mara mbili, wa kwanza mwekundu, wa pili wa kijani.

Hakuna aliyeona tabu kwamba kazi yenyewe inaitwa ushauri nasaha. Ushauri ni kumwambia mtu la kufanya. Nasaha nayo, ukiwauliza wanaojua Kiarabu, ni hiyohiyo. Kwa hiyo pale hospitalini Masasi, kwenye chumba kilichowahi kuwa stoo ya magodoro, mlangoni kwangu kuna kibao kinachotangaza mara mbili bidhaa ambayo ndani haikuwepo.

Watu walikuja, maskini. Mzee mmoja alitoka Mnyambe, akashuka mlima wote ule kwa bodaboda, kuja kuniuliza kama amsamehe mdogo wake waliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa mikorosho. Nikamsikiliza vizuri sana, kichwa nimekiinamisha upande kama kuku anayesikiliza mvua. Alipomaliza nikamwambia, "Nasikia kwamba una hasira."

"Si nimekwambia sasa hivi?"

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

Mzee akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Mwanangu," akasema, "ningekuwa naona, ningekuja?" Akainuka. Alipofika mlangoni akageuka akaniambia kwamba kuuliza si ujinga, lakini na mimi nimezidi. Nikafungua daftari nikaandika: mteja bado hajawa tayari kukua kihisia. Nilijisikia mtaalamu kwelikweli.

Nyumbani kwangu Lisekese ugonjwa huu ulijulikana mapema. Mke wangu akiuliza jioni tupike wali au ugali, najibu, "Wewe unaonaje?" Yeye anasema, "Naona njaa." Siku moja nilirudi kazini nimejaa furaha nikamwambia, "Mama watoto, leo mteja wangu mmoja amejifungua mwenyewe." Nilimaanisha amefunguka moyo, amefikia uamuzi. Mke wangu akaacha kuchambua mchele. "Alhamdulillahi. Mtoto gani?" Ilibidi nieleze. Aliposikia kwamba hakuna mtoto, bali kuna mwanamke aliyeondoka ofisini kwangu bila kuambiwa kitu, akarudi kwenye mchele wake bila neno. Yeye ni Myao, na Wayao wana namna yao ya kukucheka wamenyamaza.

Ambacho sikumwambia, kwa sababu siri za mteja hazitoki ofisini, ni kwamba mwanamke huyo alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa.

Hapa lazima nieleze kidogo jinsi tulivyo. Sisi ukoo unapita kwa mama. Babu zangu walibatizwa na wamisionari zamani, tunaimba tenzi za kanisani mpaka mabati yanatikisika, lakini mtoto wa dada ni wa mjomba kabla hajawa wa baba yake, na hilo hakuna padri aliyelifuta. Posa ya binti yule niliipokea mimi. Na katika ukoo wetu, mwanamke ndoa ikimshinda haondoki tu. Anakwenda kwa njomba, kama tunavyotamka wenyewe na watu wa Dar wanavyotucheka, kuomba neno. Mjomba akisema "rudi", anarudi kwa mama yake kichwa juu, na anayemsema amemsema mjomba. Mjomba akisema "kaa", anakaa. Na mjomba akinyamaza, maana yake ni "vumilia", tena vumilia nzito kuliko ya kutamkwa, kwa sababu hairuhusu swali la pili. Haya yote niliyajua tangu navaa kaptula. Nikaenda chuoni, nikapata alama nzuri, nikayasahau.

Alikuja mwezi wa nne, mvua zikiwa bado hazijakatika. Alitoka Mkunya kwa mumewe alfajiri, na binti yake wa miezi tisa mgongoni. Kanuni inakataza kumhudumia ndugu. Hiyo niliivunja bila kusita, kwa sababu nilitaka anione nikiwa kwenye kiti changu, chini ya vyeti vyangu, mjomba aliyesoma.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Hapa jisikie huru kabisa."

Akakaa kwenye ncha ya kiti. Nikamchokoza mtoto kwa kalamu, mtoto akaikamata akaitia mdomoni, nikasema huyu naye atakuwa msomi, ameanza kula kalamu mapema. Mpwa wangu akacheka akiziba mdomo kwa kiganja. Nikaliona hilo, kwa sababu mimi huona mambo. Baadaye niliandika: anaziba mdomo anapocheka, dalili ya aibu ya ndani. Nikaipigia mstari.

"Mjomba, nimekuja unipe neno," akasema.

"Nasikia kwamba unahitaji neno."

Akanitazama. "Ndiyo."

"Neno gani, mwanangu?"

Hapo alisita, maana ni kama mtu ameingia dukani kuomba chumvi, mwenye duka akamwuliza chumvi ndiyo nini. "Kuhusu pale nyumbani," akasema. "Mwenzangu amebadilika. Nikae, au nirudi kwa mama?"

"Moyo wako unakwambiaje?"

"Moyo wangu ndio umenileta kwako."

Loo, nililipenda jibu lile! Niliona limekaa vizuri, nikaliandika pembeni ya ukurasa ili nije kulitumia. Kisha nikafanya ninachokifanya vizuri kuliko mtu yeyote mkoa huu: nikanyamaza. Kimya cha kitaalamu, cha huruma, mikono imetulia magotini. Chuoni tulifanyishwa mazoezi ya kimya, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Mvua ilipiga bati. Mtoto alitafuna kalamu. Ukutani nyuma ya kichwa changu kulikuwa na bango la dawati la jinsia la polisi, lenye picha ya mwanamke na namba ya kupiga, nililolibandika mwenyewe kwa gundi yangu. Mpwa wangu alilitazama bango, akanitazama mimi, akatazama sakafu. Nikaendelea kunyamaza, tena kwa bidii.

Mwishowe akainuka, akamfunga mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. "Nimeelewa mjomba. Asante."

Amejifungua mwenyewe, nikasema moyoni. Akarudi Mkunya.

Miezi ikapita. Dawa ya salfa ikapulizwa mashambani, mikorosho ikatoa maua, mabibo yake yakaanza kunuka njiani. Mwezi wa kumi nikaalikwa Newala kuongea na walimu, watumishi wa kanisa na umoja wa akina mama. Nilichagua mada mwenyewe: Kukua Kihisia, Huruma na Kuishi Vyema. Niliandaa karatasi kumi na moja. Nikapanda mlima kwa pikipiki yangu, shati jeupe nimelikunja ndani ya mfuko wa plastiki lisiingie vumbi, nikalivaa nyuma ya choo cha ukumbi.

Mambo yalikwenda vizuri mwanzoni. Bibi mmoja wa mbele aliuliza kukua kihisia ndiyo nini, kunenepa? Watu wakacheka, nami nikacheka, kicheko changu cha kitaalamu kisichofika tumboni. Dada yangu alikuwa amekaa safu ya tatu na wenzake wa umoja, kitenge cha sare, mikono kifuani. Nilipomsalimia asubuhi aliitikia marahaba bila kuniangalia, nikadhani ni jua.

Kwenye karatasi ya saba, kichwa chake "Sikiliza pande zote, usiamue upande", nikaamua kutoa mfano hai. "Nilikuwa na mteja mmoja," nikasema. "Simtaji." Nikaeleza jinsi mama mmoja kijana alivyokuja akitaka aambiwe la kufanya, na jinsi mimi, kwa kuheshimu utu wake, nilivyokataa kumwamulia. Nikasoma lile jibu lake la moyo wangu ndio umenileta kwako. Ukumbi ukaguna kwa huruma. Nikaeleza kile kimya changu. Nadhani hata nilikionyesha kidogo, nikafumba macho. "Akaondoka na amani," nikasema.

Dada yangu akanyoosha mkono, akasimama. "Samahani mshauri. Naomba kuuliza."

Kuniita mshauri! Nikafurahi. "Karibu mama."

"Huyo mteja wako, alipokuwa anacheka, alikuwa anaziba mdomo?"

"Naam!" nikasema, na Mungu anisamehe, nilitabasamu. "Umeuliza jambo zuri sana. Mwili una lugha yake. Ile ni dalili ya aibu ya ndani."

"Hapana," dada akasema. "Hana jino. Mumewe alilitoa wiki moja kabla hajaja kwako."

Akakaa.

Sasa naomba nisimulie jambo ambalo sijawahi kumwambia hata mke wangu. Niliendelea. Mbele ya watu wote wale waliokuwa wamenyamaza, na kimya chao hakikuwa cha kitaalamu, nilisoma karatasi ya nane, na ya tisa, na ya kumi, na ya kumi na moja. Kwenye ya kumi na moja kulikuwa na sentensi isemayo huruma huanza kwa kumwona mtu aliye mbele yako. Nikaisoma hadi nukta. Walimu wawili wakapiga makofi kwa adabu.

Nje, kwenye uzio wa katani, dada alikuwa ananisubiri. Nikaanza, "Dada, kitaaluma..."

"Taaluma yako iache hukohuko Masasi. Huku wewe ni njomba." Alikuwa hajapandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Mtoto alikuja kuomba neno. Hukumpa. Akarudi kwa mwanamume yule akasema mjomba ameniambia nivumilie. Na mwanamume akajua hana wa kumtetea. Unajua mkono wake umevunjika lini? Jumapili iliyopita. Mimi nimeambiwa jana, tena na jirani, kwa sababu mwenyewe anasema mjomba alishasema, hana la kuongeza."

"Sikusema kitu, dada."

"Ndicho ninachokwambia."

Nilitaka kujitetea zaidi, maana ulimi wangu una mazoea. Na wala siwezi kumtupia lawama mkufunzi wangu. Yule mama mwenye miwani alitufundisha wazi kabisa kwamba mtu akiwa hatarini unaacha kuuliza, unamtoa kwanza. Siku hiyo nilikuwepo darasani. Ninayo daftari, nimeandika vizuri, rangi tatu. Ila ninyi mlionisoma mpaka hapa mmeshanijua: nilipenda zaidi sehemu ile ambayo mtu anakaa kimya na kuonekana mwenye busara. Nilimwona binti wa dada yangu kwa saa nzima, hatua mbili mbele yangu, nikaona dalili. Yeye mwenyewe sikumwona. Pale kwenye katani nililia, mtu mzima na shati lake jeupe, na dada yangu hakunibembeleza, na alikuwa sawa.

"Sasa nifanyeje?" nikamwuliza.

Nadhani hata yeye alikuwa karibu kucheka. "Na hilo pia nikuamulie mimi?" akasema. "Nenda Mkunya."

Njiani nilijaribu kujizoeza. Mtu asidhani ni rahisi. Miaka kumi na mmoja nilikuwa sijamwambia binadamu mwenzangu fanya hivi, na lile neno lilikuwa limeota kutu. Nilikuwa naliita kwa sauti juu ya pikipiki, upepo unaingia mdomoni: "Je, umewahi kufikiria kurudi nyumbani?" Hapana. "Ungejisikiaje endapo ungerudi?" Hapana, bwana! Nikasimama chini ya mkorosho mmoja kando ya njia, nikajaribu tena kama mwendawazimu. Mama mmoja aliyekuwa anaokota korosho akainua kichwa akauliza, "Baba, umepotea?" Nikamwambia ndiyo, kidogo.

Nilimkuta mumewe uani anaanika korosho. Ni mtu nadhifu, hanywi, hana makelele, ukikutana naye utampenda. Nami nilimpenda siku ya posa. Akanivutia kiti. "Shikamoo mjomba! Ungetupigia simu, tungekuandalia hata jogoo."

Sikuitikia. Mkwe anakupa shikamoo, wewe huitikii: hilo kwetu tayari ni kauli, na niliona limemfikia. Mpwa wangu akatokea mlangoni. Mkono wa kushoto ulikuwa umening'inizwa kwa kipande cha kanga, mtoto anamvuta sketi, ameshajua kusimama.

"Aliteleza," mumewe akasema haraka. "Utelezi wa pale kwenye tangi la maji."

Nilikasirika. Kwenye mada zangu nafundisha kwamba hasira inatambuliwa, inapewa jina, inaachwa ipite. Hii haikutaka jina. Nilitaka kumvunjia kile kiti kichwani.

Akaniona, akalainisha sauti. "Mjomba, wewe ni mtaalamu wa mambo haya. Tukae basi, tuongee. Usikilize pande zote mbili, usiamue upande." Nilishtuka. Ni karatasi yangu ya saba, karibu neno kwa neno, na nilikuwa sijamaliza saa mbili tangu niisome.

"Leo sikuja kusikiliza," nikasema.

Kisha nikamgeukia binti. Sauti ilitoka nyembamba, ikakwaruza, ya mtu mwenye mafua. "Mwanangu, rudi nyumbani."

Hapo nilijiandaa kusubiri. Nilijua mwanamke kuhama na mtoto si jambo la dakika mbili, tena kwa mkono mmoja, na nilishaanza kupanga nisimame wapi ili mumewe asiingie ndani. Lakini aliingia na kutoka kabla mumewe hajainuka vizuri kutoka kwenye korosho. Alikuwa na begi la miraba, lile tunaloliita shangazi kaja, limejaa, zipu imefungwa. Nikaliweka juu ya tangi la pikipiki. Mtoto tulimfunga mgongoni kwake, mimi nikashika kanga upande mmoja kwa sababu mkono wake haukuweza. Mumewe alisema maneno mengi. Siyakumbuki. Tukaondoka taratibu, nikiogopa kila shimo kwa ajili ya ule mkono.

Mambo ya hospitali na ya polisi yalifuata siku hiyo na kesho yake, na safari hii namba ya kwenye bango langu ilitumika. Lakini usiku ulipoanza kuingia tulikuwa tumeshafika Mnyambe kwa dada. Aliwapokea bila makelele, akamwogesha mjukuu wake kwenye beseni, akamkausha. Akasema mlete gauni humo kwenye begi, mtoto asishikwe na baridi. Nikalifungua mimi.

Zilikuwa nguo safi, zimekunjwa moja moja. Dada akachukua gauni la juu, la maua, akamvisha mtoto. Likakwama kichwani. Akachukua jingine. Mkono wa mtoto ukagoma kupita. La tatu hata hakulijaribu, alilipima tu kifuani kwa macho, lilikuwa la mtoto mchanga. Dada akamtazama binti yake, hakuelewa, na mimi sikuelewa.

"Ni begi la mwezi wa nne," mpwa wangu akasema. Alikuwa anaongea na sakafu. "Nilifungasha asubuhi ile nakuja kwako Masasi, mjomba. Nilijua tu utasema."